Banda la Useremala Uani: Sakafu na Hewa Kwanza, Mashine Baadaye

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu ujenzi na ufundi wa nyumbani. Barua tulizozichagua kwa toleo hili zote zimetoka Tanga, na zote zinahusu watu wanaotaka kufanya kazi ya mbao uani kwao au walioanza tayari na kukwama. Tumeanza na ndefu kuliko zote, kwa sababu jibu lake linagusa karibu kila kitu kilichoulizwa na wengine.

Swali: Fundi, salaam. Nimestaafu ualimu mwaka huu na ninaishi Mikanjuni. Nyuma ya nyumba yangu kuna uwanja wa futi 24 kwa 30, na nimekusudia kujenga banda la useremala nitengeneze meza, viti na makabati, kwanza kwa ajili ya familia, halafu ya kuuza kidogo kidogo. Jirani yangu ananishauri nizungushie mabati tu, nishindilie udongo uwe sakafu, na fedha itakayobaki katika mafao yangu ninunue mashine kubwa inayopasua, kuranda na kutoboa kwa pamoja. Je, nimfuate? Na banda lenyewe liwe na ukubwa gani? (Mwalimu mstaafu, Mikanjuni)

Jibu: Shikamoo, Mwalimu, na hongera kwa kumaliza utumishi salama. Jirani yako amekutakia mema, lakini nakuomba uugeuze mpango wake. Fedha ya kwanza iende kwenye sakafu, kuta na paa. Ya pili iende kwenye meza ya kazi na zana za mkono. Mashine zije mwisho, moja baada ya nyingine, kadiri kazi zenyewe zitakavyozidai. Sababu ni hali ya hewa ya mji wetu. Tanga hupata masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na hata katika miezi isiyo na mvua nyingi hewa ya usiku hubaki nzito kwa unyevu wa bahari. Mashine iliyowekwa juu ya udongo ndani ya mabati huanza kuota kutu kabla mwenyewe hajaizoea, mbao zilizolazwa chini hunyonya maji na kupinda, na mchwa hupanda kutoka ardhini bila mtu kuwaona. Banda kavu lenye randa moja na msumeno mmoja litakutolea meza nzuri, ilhali banda chepechepe litakuharibia hata mashine ya bei kubwa.

Kabla hujachimba msingi, pita ofisi ya serikali ya mtaa, kisha uende idara ya mipango miji ya Halmashauri ya Jiji, uulize kuhusu kibali cha ujenzi na umbali unaotakiwa kuachwa kutoka mpakani. Wengi hudhani kuwa banda la uani halihesabiwi, lakini ukuta wa tofali wenye msingi ni jengo kama majengo mengine. Ongea pia na majirani mapema kuhusu saa za kazi, maana ni rahisi kuelewana nao kabla mashine ya kwanza haijanguruma.

Kuhusu ukubwa, mimi ningejenga chumba cha futi 12 kwa 18, na mbele yake baraza yenye upana wa futi 6. Eneo lote litakuwa futi 18 kwa 18, na utabakiwa na nafasi ya kutosha ya kupitisha mbao na kuanikia nguo. Vipimo hivi nimevitoa kwenye mbao yenyewe. Mbao nyingi tunazonunua zina urefu wa futi 12, na anayepasua mbao ya futi 12 kwa msumeno wa meza anahitaji futi 12 nyuma ya msumeno na futi 12 nyingine mbele yake, yaani futi 24 kwa jumla. Si rahisi kujenga chumba cha futi 24 uani. Kwa hiyo weka mlango mpana katika ukuta mmoja mfupi, na katika ukuta mfupi wa upande wa pili weka kidirisha cha mbao chenye bawaba, ambacho ukingo wake wa chini uko chini kidogo ya usawa wa meza ya msumeno. Msumeno ukikaa katikati, futi 9 kutoka kila upande, mbao ndefu itaanza ikiwa imetokeza futi 3 nje ya mlango na kumaliza ikiwa imetokeza futi 3 nje ya kidirisha. Kuta zenyewe zipande futi 9, kwa kuwa bodi ya plaiwudi ni futi 4 kwa 8 na siku moja utataka kuisimamisha na kuigeuza bila kugonga kenchi, yaani mbao zinazobeba paa.

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Tanga iko karibu na ikweta, jua huchomoza na kuzama likipiga kuta za mashariki na magharibi kwa ukali, na kuta hizo ndizo zinazofaa kuwa fupi. Vilevile pepo zetu mbili, kusi na kaskazi, zitapita ndani ya chumba zikikuta madirisha katika kuta zote mbili ndefu. Baraza iwe upande wa kaskazini, na meza ya kazi ikae chini ya madirisha ya kusini, ambako kwa sehemu kubwa ya mwaka mwanga huingia bila jua kukupiga usoni. Hata hivyo, mvua ya wakati wa kusi hupigwa na upepo kutoka upande huohuo, kwa hiyo paa la kusini litokeze futi 3 nje ya ukuta. Ukilipunguza hadi futi 1 ili kubana matumizi, utakuwa unafuta maji mezani kila masika.

Sasa sakafu, ambayo ndiyo sehemu ninayokusihi usiipunje. Inyanyue angalau inchi 6 juu ya uwanja unaoizunguka. Shindilia kifusi kwa tabaka, kila tabaka limwagiwe maji na kupigwa hadi likaze, kisha nyunyiza dawa ya mchwa kwa kufuata maelekezo ya kopo, utandaze karatasi nzito ya nailoni isiyo na tundu, na juu yake umwage jamvi la zege lenye unene wa inchi 4. Nailoni hiyo ndiyo inayozuia unyevu wa ardhi kupanda kupitia zege, na fundi akikwambia haina haja, msimamie aiweke. Kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, chumba cha futi 12 kwa 18 kitahitaji takriban meta 2 za ujazo za zege, ambazo hula mifuko 13 hivi ya saruji ya kilo 50. Mchanga wa ufukweni usiukubali hata ukipewa bure, kwa kuwa chumvi yake huvuta unyevu na kula nondo. Zege likishaanza kukaza, limwagilie na kulifunika kwa siku 7, kwa maana zege linalokaushwa na jua la Tanga siku ya kwanza hutoa vumbi daima na kumomonyoka chini ya miguu ya mashine.

Kuta za mabati sizipendi kwa kazi hii. Mchana hugeuza chumba kuwa tanuri, na usiku bati hupoa upesi hadi unyevu wa hewa unagandamana kwa ndani na kudondokea zana. Tumia tofali za saruji za inchi 5 au 6, na katika msitari wa juu, chini ya paa, weka matofali ya matundu yenye wavu wa mbu ili hewa ya moto itoke. Plasta ya ndani inaweza kusubiri mwaka au miaka miwili, lakini paka chokaa mara moja. Tanga imejaa mawe ya chokaa, kama mapango ya Amboni yanavyoonyesha, na ukuta mweupe hurudisha mwanga kiasi kwamba mstari wa penseli huonekana vizuri hata siku ya mawingu. Kwa paa, chagua mabati yaliyopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki kwa kuwa hustahimili hewa ya chumvi kuliko yale yenye zinki peke yake. Fishabodi, yaani mbao za ukingo wa paa, zipakwe rangi pande zote nne kabla ya kupigiliwa, na gata imwage maji mbali na msingi. Nguzo za baraza zisichomekwe ardhini. Zisimame juu ya vikalio vya zege vyenye bamba la chuma, ili mchwa akijenga handaki lake la udongo alijenge mahali unapoliona na kulivunja.

Baraza usiione kuwa pambo. Huko ndiko utakakopiga msasa, utakakopaka vanishi na utakakokaa na mteja. Mafundi wa pwani wamefanya kazi barazani tangu zamani, nami naamini walijua walichokuwa wakifanya: vumbi linaondoka na upepo, na jicho linapata mwanga wa kutosha.

Jengo likikamilika, kitu cha kwanza kutengeneza ndani yake ni meza ya kazi. Simama wima ukiwa umevaa viatu vya kazini, mikono ikining'inia, kisha upime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Hicho ndicho kimo cha meza yako, na kwa watu wengi huangukia kati ya sentimita 80 na 90. Kwa uso wa meza, gundisha mbao tatu za msonobari za inchi 2 kwa 8 ubavu kwa ubavu. Mninga na mtiki zihifadhi kwa ajili ya kazi za wateja, kwa sababu meza ya kazi itapigwa patasi na kuchomwa na gundi, na msonobari unarandika upya bila kuumiza moyo. Miguu iwe ya inchi 4 kwa 4, na mihimili ya kuiunganisha iwe na ndimi ndefu, yaani ncha zilizochongwa nyembamba, zinazopita upande wa pili wa mguu na kufungwa kwa kabari. Usizitie gundi ndimi hizo. Joto la Januari na Februari likikausha mbao utasikia meza inaanza kucheza unaporanda. Utagonga kila kabari mara moja au mbili kwa nyundo ya mti, na meza itasimama imara tena. Jiliwa, kifaa cha kubana mbao, lifungwe mwisho wa mkono wa kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia, taya zake zikiwa sawa na ukingo wa meza, ili mbao ndefu ilale kwenye ubavu wa meza kwa urefu wake wote.

Kwa zana, anza na randa moja ya wastani, patasi za milimita 6, 12 na 25, msumeno wa kupasua na wa kukata, skwea ya chuma, nyundo ya mti, jiwe la kunolea lenye pande mbili na klampu nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Mashine ya kwanza ningenunua msumeno wa meza wa kawaida, na ya pili drili ya kusimama. Ile mashine ya mambo matatu ina tabu moja kubwa: kila unapotoka kupasua kwenda kuranda unalazimika kufungua na kupanga upya, na ikiharibika mota moja, kazi zote tatu zinasimama.

Swali: Fundi, habari za kazi. Marehemu baba yangu alikuwa seremala na aliniachia randa za chuma na patasi zake. Ninaishi Raskazone, karibu na bahari, na kila ninapozifuta kutu inarudi ndani ya wiki chache, ingawa hakuna maji yanayozigusa. Nizihifadhije? (Mama wa watoto watatu, Raskazone)

Jibu: Pole kwa kufiwa, mama, na umefanya vyema kuzitunza. Maji yanazigusa, isipokuwa huyaoni. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi ambazo hutua juu ya kila kitu, na chumvi hiyo huanza kunyonya maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapofikia asilimia 75 hivi. Raskazone hufikia kiwango hicho karibu kila usiku. Kwa hiyo juu ya randa yako hujitengeneza utando mwembamba wa maji ya chumvi, na ukifuta kutu bila kuondoa chumvi, umeacha mbegu ya kutu nyingine palepale.

Anza kwa kuifungua randa kipande kimoja kimoja. Sugua kutu kwa msasa laini uliolowa mafuta ya taa, ukifuata urefu wa chuma na usizunguke, na usisugue sehemu ya chini ya randa kwa nguvu, kwa sababu thamani ya randa ya zamani iko kwenye unyoofu wa uso huo. Palipo na kutu nzito, loweka kipande kwenye siki usiku mmoja. Baada ya hapo kifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya bomba, ambayo ndiyo yanayoondoa chumvi, ukaushe papo hapo kwa kitambaa kikavu na kukianika juani hadi kiwe na joto kidogo mkononi. Chuma kikiwa bado na joto hilo, paka mafuta ya cherehani kwa utando mwembamba kabisa, na chini ya randa paka nta ya nyuki, ambayo haichafui mbao na hufanya randa iteleze vizuri. Oili ya gari usiitumie, kwa kuwa huacha madoa ambayo vanishi haishiki juu yake.

Kisha tengeneza kabati dogo la ukutani lenye milango inayofunga vizuri, na nyuma yake uache nafasi ya inchi 1 kati yake na ukuta wa nje, kwa kuwa ukuta huo ndio unaopoa usiku. Patasi zikae kwenye vitundu, makali yakitazama chini, kila moja peke yake. Zisikae ndani ya ala za ngozi au zimefungwa kwenye matambara, ambavyo hushika unyevu na kuulaza juu ya chuma. Na kila unapomaliza kazi, futa zana kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kuirudisha, hata kama uliishika dakika moja tu, kwa sababu jasho la vidole nalo ni maji ya chumvi. Mwone seremala mzee wa mtaani kwako akuonyeshe kunoa patasi hizo. Zikiendelea kutumika zitafutwa mara kwa mara, na huo ndio ulinzi wake mkubwa kuliko kabati lolote.

Swali: Shikamoo, Fundi. Mimi ni kijana wa Makorora. Banda langu liko mita 25 kutoka nyumbani na ninavuta umeme kwa ekstensheni iliyochomekwa sebuleni. Msumeno wangu una mota ya kilowati 1.5. Ukianza huguna, taa za nyumba nzima hufifia, na waya unakuwa wa moto. Je, mota imeungua? (Seremala chipukizi, Makorora)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Bila shaka mota yako bado nzima, lakini ukiendelea hivi haitadumu. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya wa milimita mraba 0.75, ambao ulikusudiwa redio na taa. Mota yako inapozunguka vizuri huvuta karibu ampea 9, na katika waya mwembamba wa mita 25 takriban volti 12 hupotea njiani. Inapoanza kuzunguka huvuta mara 5 ya hapo au zaidi kwa muda mfupi, na zaidi ya volti 50 hupotea. Badala ya volti 230, mota inapata chini ya 180 wakati ule ule inapohitaji nguvu zaidi, ndiyo maana inaguna. Umeme unaopotea hugeuka joto ndani ya waya, na ukiuacha waya huo umeviringishwa, joto halina pa kutokea. Tafadhali acha kuitumia ekstensheni hiyo kuanzia leo.

Unahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye mein swichi, yenye breka yake, kwa waya wa milimita mraba 4 au zaidi, upite ndani ya bomba lililofukiwa kina cha sentimita 60 hivi mahali ambapo jembe haliwezi kuukuta. Bandani pawe na waya wa ardhi unaofika kwenye fimbo iliyopigiliwa mahali penye unyevu, na pia breka ya usalama inayokata umeme pale unapovuja kiasi cha miliampea 30. Taa zipewe breka yake tofauti na ya soketi. Fikiria msumeno unaangusha breka saa 1 usiku, na wewe unabaki gizani mbele ya meno yanayoendelea kuzunguka. Taa zenye laini yake zinakuepusha na hilo. Soketi ziwekwe juu ya usawa wa meza, ili bodi ya plaiwudi iliyoegemezwa ukutani isizizibe na maranda yasijae ndani yake.

Jambo lingine linalotuhusu sana ni kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mtu huondoka na kusahau swichi ikiwa imewashwa, na umeme ukirudi msumeno huanza kuzunguka wenyewe, pengine mtoto akiwa karibu. Nunua swichi ya aina inayojizima umeme unapokatika na isiyowaka tena mpaka ibonyezwe. Kazi yote hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, si rafiki anayejua kuunganisha nyaya.

Swali: Nimenunua mbao za msonobari sokoni, zikiwa zimenyooka kabisa. Baada ya wiki mbili bandani zote zimepinda. Nimeuziwa mbao mbaya? (Msomaji, Kange)

Jibu: Uliuziwa mbao mbichi, na zimekauka pasipo utaratibu. Mbao hukonda kwa upana inapokauka, na urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mbao ya msonobari yenye upana wa milimita 300 inaweza kupungua milimita 3 kwa kushuka asilimia 4 tu za unyevu. Upande mmoja ukitangulia kukauka, mbao hupinda. Panga mbao zako chini ya baraza, juu ya magogo mafupi yaliyolingana kimo, na kati ya safu moja na nyingine uweke vijiti vya unene wa inchi 1 kila baada ya futi 2, vijiti vyote vikisimama juu ya vyenzake kwa mstari mmoja. Miisho ya mbao ipake rangi, kwa kuwa hapo ndipo maji hutoka upesi na kupasua mbao. Weka mawe mazito juu. Kwa hewa ya Tanga mbao haitashuka sana chini ya asilimia 14 za unyevu hata ukiisubiri vipi, na kiasi hicho kinatosha kwa fanicha itakayokaa hapahapa pwani. Ukinunua mtiki, mninga au mvule, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, uvitunze, maana ofisa wa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ana haki ya kukuuliza mzigo umetoka wapi. Mtiki wa shamba la serikali la Longuza, huko Muheza, uko karibu nasi na hukauka kwa utulivu kuliko msonobari.

Swali: Mume wangu amejenga banda la useremala futi 10 kutoka jikoni, nami nina pumu. Anasema vumbi la mti halina madhara kwa kuwa ni kitu cha asili. Ni kweli? (Msomaji, Nguvumali)

Jibu: Dada, msomee mumeo jibu hili. Mwaka 1995 shirika la IARC, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani linaloshughulikia utafiti wa saratani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yake. Kwa mwenye pumu madhara hayasubiri miaka, na vumbi la mvule, la mninga na la mkongo linajulikana kwa kuwasha ngozi, kuziba pua na kubana kifua hata kwa watu wazima wa afya. Vumbi la hatari zaidi ni lile laini la msasa, ambalo huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa na ambalo macho hayalioni isipokuwa mwale wa jua ukipita ndani yake.

Kazi ya msasa ifanyike upande wa banda ulio mbali na jiko, na kabla ya kuanza atazame upepo. Wakati wa kusi vumbi litaelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi litageuka kuelekea kusini, kwa hiyo mahali panapofaa Julai hapafai Januari. Avae barakoa ya N95, kwa kuwa kitambaa kilichofungwa puani huzuia maranda makubwa na kuachia vumbi laini lipite. Asifagie kavu, anyunyize maji kidogo kwanza. Nguo za kazi avulie bandani, zisiingie chumbani mnakolala. Dirisha la jikoni linalotazama banda lifungwe saa za kazi, na hilo likiwa gumu kwa sababu ya moshi, basi saa za msasa na saa za kupika zitenganishwe.

Mwulize pia matambara ya kupakia mafuta ya kitani anayatupa wapi. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara lililofinyangwa na kutupwa kwenye maranda linaweza kuwaka lenyewe bila mtu kuwasha kiberiti. Ayaanike yakiwa yamekunjuliwa, moja moja, nje, mpaka yakauke na kukakamaa, au ayatumbukize kwenye ndoo ya maji, na bandani pawe na ndoo ya mchanga na kizima moto cha unga mkavu karibu na mlango. Maranda masafi ya msonobari mnaweza kuyatumia kwenye banda la kuku. Yale ya mbao za kijani zilizotiwa dawa yakusanywe kwenye mfuko wake na kutupwa na taka, yasichomwe jikoni wala uani, na yasipelekwe kwa kuku wala shambani, kwa sababu dawa hiyo mara nyingi huwa na aseniki.